Uzi wa RAM za kompyuta ya mezani: iliyokufa haina shida, inayodanganya ndiyo hatari

#1 Mkesha (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu. Asiye na muda apite tu, kuna siku ataurudia mwenyewe kompyuta ikianza kumfanyia vituko.

Nilijijengea kompyuta ya mezani kwa mbwembwe zote. Prosesa niliisoma wiki mbili. Pawasaplai niliulizia mpaka watu wakanichoka. Ilipofika zamu ya RAM, kumbukumbu ya muda ambayo kila data hupitia, nilitumia dakika tano: GB 16 mbili, namba kubwa kwenye boksi, taa zinabadilika rangi, biashara imeisha. Nikachomeka, ikawaka mara ya kwanza, nikajipigia makofi.

Baada ya miezi kama mitatu vikaanza vijimambo. Kivinjari kinajifunga chenyewe. Mchezo unakatika bila kuaga. Siku moja nikafungua faili la zip, likaniambia limeharibika. Nikalifungua tena bila kugusa chochote, likafunguka vizuri kabisa. Hapo ndipo ningetakiwa kushtuka, kwa sababu faili lililoharibika kwenye diski huwa limeharibika kila ukilifungua. Linalougua asubuhi na kupona mchana, ugonjwa wake hauko kwenye diski.

Sikushtuka. Nikabadilisha diski. Nikabadilisha kebo. Nikaweka Windows upya mara mbili, na ya pili ikagoma katikati. Mwisho kabisa, kwa kukata tamaa, nikawasha Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi. Dakika ishirini hazijaisha, mistari myekundu. Anwani ile ile, biti (sifuri au moja) ile ile.

Kilichoniuma ni hiki. Nilipokuwa nahamisha picha za familia kutoka diski ya zamani kwenda mpya, kila picha ilipita kwenye RAM ile. Zilizopita penye kasoro zilitoka na nusu ya chini ya kijivu. Na bakapu yangu niliitengeneza kwa kompyuta hiyo hiyo, wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo nina nakala mbili za picha mbovu, zimetunzwa vizuri sana.

Ndipo nikaanza kusoma. RAM za leo zinafuata wazo lile lile la Robert Dennard wa IBM, aliyepewa hataza mwaka 1968: kila biti ni chaji ndogo iliyohifadhiwa kwenye kapasita moja, na swichi moja ya kuifungulia. Kapasita hiyo inavuja muda wote. Kwa hiyo lazima isomwe na kujazwa upya kabla haijasahau, na muda wa kuzungukia zote ni milisekunde 64 kwenye RAM za kizazi cha DDR4, 32 kwenye DDR5 iliyofuata. GB 32 ni kapasita kama bilioni 275. Ikipatikana moja tu inayovuja haraka kuliko zamu yake ya kujazwa, umepata RAM kama yangu: inawaka, inapiga kazi, na mara moja moja inakuambia uongo.

Ndiyo maana nasema RAM iliyokufa haina shida. Kompyuta inapiga mlio au inakataa kuwaka, unaitoa, unarudisha ilikotoka. Hii nyingine inakula data zako kidogo kidogo na wewe unamlaumu mwenye programu.

Sasa nimenunua nyingine na nimekuwa mwoga. Nitaeleza nilivyochagua, ila kwanza nataka kusikia kwenu. Mnaangalia nini mnapochagua?

#2 Chumvinyingi

Naweka kambi hapa. Pole sana mkuu na picha.

"Zimetunzwa vizuri sana" imenichekesha na kuniumiza kwa pamoja.

#3 mgeni_wa_waya

Wakuu mimi ni mgeni kwenye mambo haya, msinicheke. Si bora tu mtaje kampuni nzuri mtu akanunue, tumalize?

#4 Bitimoja

Mgeni hakuna wa kukucheka, hilo swali kila mtu ameanza nalo. Lakini jibu lake litakuvunja moyo.

Kampuni zinazotengeneza chipu zenyewe ni chache mno. Sehemu kubwa ya chipu za RAM duniani inatoka kwa tatu: Samsung, SK hynix na Micron. Majina mengi unayoyaona kwenye maboksi, Corsair, G.Skill, Kingston, ADATA na wenzao, wananunua chipu, wanazipanga kwenye ubao wao, wanabandika kipande cha chuma juu na kuziandikia namba. Si kazi ya kudharau. Kuchambua chipu na kuzipima ni kazi kubwa, na hapo ndipo wanapopishana. Ila ukisema "mimi natumia kampuni fulani" hujasema ndani kuna chipu ya nani.

Baya zaidi, namba ya modeli ikiwa ile ile, chipu za ndani zinaweza kubadilika kutoka toleo moja hadi jingine. Mtu anasifia RAM aliyonunua miaka miwili iliyopita, wewe unanunua modeli ile ile na kupata kitu kingine. Corsair wana ustaarabu wa kuandika toleo kwenye stika: "ver" ikianza na 3 ni Micron, 4 Samsung, 5 SK hynix. Wengine lazima usome kwa programu kama CPU-Z ukishachomeka, yaani ukishalipa.

Kwa hiyo mimi jina la kampuni naliangalia kwa sababu moja tu: waranti. Wengi wakubwa wanatoa waranti ya maisha kwa RAM. Anayekupa mwaka mmoja kwa kitu kisicho na feni wala sehemu inayozunguka, jiulize anajua nini ambacho wewe hujui.

#5 Turbo

Nakubaliana nusu nusu. Mkesha pole, ila usitishe watu. Wewe ulipata kijiti kibovu cha RAM, inatokea. Mimi natumia DDR4 ya 4000 na XMP, ule mpangilio wa kuikimbiza RAM, imewashwa tangu siku ya kwanza, sijawahi kuona skrini ya bluu. Kampuni yenyewe imeandika 4000 kwenye boksi, sasa nikiiendesha 3200 nimenunua ya nini? Ni kama kununua gari na kuendesha gia ya pili maisha yote.

#6 Mkesha

Turbo, tofauti ni kwamba gari lako likizidiwa linatoa moshi.

Hebu tuweke jambo hili sawa maana ndilo linalochanganya wengi. Kuna chombo kinaitwa JEDEC, ndicho kinachoandika kanuni za RAM. Kwenye DDR4 kanuni zao zinaishia 3200, kwa volti 1.2. Kila kinachozidi hapo ni ahadi ya aliyepanga chipu, si kanuni. XMP ya Intel, na EXPO ambayo AMD waliileta mwaka 2022, ni maandishi tu ndani ya RAM yanayoiambia mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta): "nipe volteji hii, niendeshe kwa spidi hii." DDR4 nyingi za aina hiyo zinaomba volti 1.35 na zaidi. Ukizima XMP, hiyo 4000 yako inarudi 2133 au 2400 au 2666, na hiyo ndiyo spidi inayosimamiwa na kanuni.

Aliyeandika 4000 amepima RAM. Hakupima prosesa yako. Na kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa siku hizi, kila prosesa na bahati yake. Ndiyo maana RAM nzima, mazabodi nzima na prosesa nzima vinaweza kukutana mezani kwako vikashindwa kuelewana, na hakuna hata kimoja kibovu.

Wala sisemi XMP ni dhambi. Nasema ukiiwasha umejichukulia kazi ya kupima wewe mwenyewe.

#7 Bitimoja

Naongeza hapo kwa Mkesha. Watu wanakimbilia namba kubwa bila kupiga hesabu. Ucheleweshaji halisi wa RAM, kwa nanosekunde, ni CL (idadi ya mapigo ya saa RAM inayosubiri kabla ya kutoa data) mara 2000 gawanya kwa spidi. Jaribuni:

DDR4 3200 CL16 ni nanosekunde 10.
DDR4 3600 CL18 ni 10.
DDR5 6000 CL30 ni 10.
DDR5 6000 CL36 ni 12.
DDR5 4800 CL40 ni karibu 16.7.

Mnaona? Kizazi kizima kimepita na RAM nzuri bado zinachelewa vile vile. Kilichoongezeka ni wingi wa data zinazopita kwa mara moja, na hilo kazi nyingi za kawaida hazilihisi sana. Mtu anaihatarisha kompyuta yake apate tofauti ambayo bila programu ya kupimia asingeiona.

Kama una DDR5 na prosesa ya Ryzen 7000, AMD wenyewe walisema 6000 ndiyo sehemu tamu. Lakini spidi rasmi ya prosesa hizo ni 5200. Tamu si sawa na rasmi. Na mnakumbuka mwaka 2023, Ryzen 7000 za X3D zilivyoungua kwa watu, ikabidi volteji ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM) iwekewe ukomo wa volti 1.3 kwa BIOS mpya, ile programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta? Sehemu ya kisa ilikuwa mazabodi kupandisha volteji hiyo mtu anapowasha EXPO. Kwa hiyo kabla ya kugusa EXPO, sasisha BIOS.

#8 mgeni_wa_waya

Ngojeni kwanza. Nimefungua hiyo CPU-Z kwangu. Kwenye stika imeandikwa 3200, CPU-Z inasema 1600 na kidogo hivi. Nimeibiwa?

#9 Chumvinyingi

Hahaha mgeni kaa chini unywe maji. Hujaibiwa.

Herufi DDR zinamaanisha data inasafiri mara mbili kwa kila pigo la saa. Saa inapiga 1600, data inapita mara 3200. CPU-Z inakuonyesha saa, stika inakuonyesha data. Zidisha kwa mbili tu. Ungeona 1066 ndiyo ungejua XMP haijawashwa, RAM inatembea 2133.

Hata mimi nilikaribia kwenda kugombana na muuzaji kwa sababu hiyo hiyo. Nilifika mlangoni kabisa.

#10 Seva_ya_Babu

Mmezunguka sana wajukuu, dawa ipo na ni ya siku nyingi. Inaitwa ECC.

RAM ya kawaida inasafirisha biti 64 kwa pamoja. Ya ECC kwenye DDR4 inabeba 72, hizo nane za ziada ni za ukaguzi. Biti moja ikigeuka, inarekebishwa pale pale na inaandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo. Mbili zikigeuka, hairekebishi ila inapiga kelele. Ile RAM ya Mkesha, kama ingekuwa ECC, angeona ripoti siku ya kwanza na picha zake zingepita salama.

Msidhani ni tatizo la nadra. Mwaka 2009 Google pamoja na Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto walitoa hesabu za seva za Google zilizofuatiliwa kwa miaka miwili na nusu. Zaidi ya asilimia 8 ya RAM zilipata angalau kosa moja kwa mwaka. Na lililoshangaza wengi ni kwamba makosa mengi yalielekea kuwa ya kifaa chenyewe, si ya miale kutoka angani kama tulivyozoea kusimuliwa. RAM iliyokosea mwezi huu ina uwezekano mkubwa zaidi wa kukosea tena.

Na kama mnadhani haya ni ya wanaoanza: mwaka 2022 Linus Torvalds mwenyewe, baba wa Linux, kompyuta yake ilianza kuangusha programu ovyo wakati anakusanya misimbo mipya ya Linux. Akaanza kushuku kenelo, yaani kiini cha Linux. Kumbe kijiti kimoja cha RAM kilikuwa kimeharibika baada ya kufanya kazi vizuri miaka miwili na nusu. Aliwasha kenelo ya zamani, tatizo likabaki, kisha akaacha memtest86+ usiku kucha ndipo ikamwonyesha. Na huyo ndiye aliyekuwa akilalamika hadharani mwaka 2021 kwamba ECC ilipaswa kuwa kwenye kompyuta za watu wote.

#11 Turbo

Babu heshima yako. Lakini DDR5 si ina ECC ndani tayari? Nimesoma mahali. Kwa hiyo mwenye DDR5 yuko salama, mjadala umeisha.

#12 Seva_ya_Babu

Hapo ndipo wanapowapata, mjukuu wangu. Kweli kila chipu ya DDR5 ina ukaguzi ndani yake. Lakini haikuwekwa kwa ajili yako. Chipu zimejazwa kapasita nyingi mno, kapasita zimekuwa ndogo mno, bila ukaguzi huo zingetupwa nyingi kiwandani. Inarekebisha kosa la biti moja ndani ya chipu na haikuambii kitu. Data ikishatoka kwenye chipu kuelekea prosesa, haina mlinzi tena. ECC kamili ya DDR5 ina chipu za ziada kwenye kijiti na inalinda mpaka kwenye prosesa.

Mwenye kutaka ECC aangalie mambo mawili. Kwanza, mazabodi na prosesa vyote viikubali. Kwa Ryzen nyingi za mezani inawezekana, ila mtengeneza mazabodi lazima awe ameandika hivyo. Kwa Intel kizazi cha 12 hadi 14 unahitaji mazabodi yenye chipuseti ya W680, si yoyote tu. Pili, iwe UDIMM, yaani kijiti cha aina ya kompyuta za mezani. Usiokote RDIMM za seva kwa sababu umeona zimeandikwa ECC. Kwenye kompyuta ya mezani ya kawaida hazifanyi kazi, na za DDR5 hata kuchomeka hazichomeki, pengo lake liko kwingine.

Ukishaweka, hakikisha inafanya kazi kweli. Kuna mazabodi inapokea RAM ya ECC na kuiendesha kama ya kawaida, kimya. Kwenye Linux andika dmidecode -t memory uangalie upana: jumla iwe kubwa kuliko upana wa data. Zikiwa 64 na 64, huna ECC, una RAM ya gharama tu.

#13 Kapi

Mimi nipite haraka na kosa langu. Nilikuwa na jozi ya DDR5, GB 16 mbili. Baada ya muda nikataka 64, nikanunua jozi ya pili modeli ile ile, namba ile ile, nikajaza sloti zote nne. Haikuwaka. Niliposhusha spidi mpaka 3600 ndipo ikakubali.

Nilidhani nimeuziwa mbovu. Baadaye nikasoma kwenye maelezo ya prosesa: Ryzen 7000 ikiwa na vijiti vinne, spidi rasmi ni 3600, si 5200. Ilikuwa imeandikwa wazi wazi, mimi sikusoma.

Kwa hiyo kwa DDR5 chukua vijiti viwili vya ukubwa utakaokutosha miaka, usiseme nitaongeza mbele ya safari. Na jozi inunue ikiwa imefungwa pamoja, maana zilipimwa pamoja. Jozi mbili tofauti hazijawahi kukutana, hata kama zinafanana sura. Zichomeke sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ndivyo mazabodi nyingi zenye sloti nne zinavyotaka.

Kingine: mazabodi ya AM5 (zile za Ryzen 7000) ukiiwasha mara ya kwanza na RAM mpya, skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa. Inajifunza RAM. Mimi nilizima na kuwasha mara sita nikidhani imekufa, kila nikizima inaanza darasa upya.

#14 Kifutio

Mkono wangu uko kwenye kazi hii kila siku, niseme ya mezani kwangu.

Nusu ya RAM "mbovu" ninazoletewa si mbovu. Ni vumbi na kutu kwenye miguu ya dhahabu, au haikusukumwa mpaka ikalia. Izime, chomoa umeme, toa RAM, futa miguu kwa kifutio cheupe cha penseli taratibu, pangusa mabaki kwa spiriti ya isopropili, puliza sloti, rudisha mpaka vishikio vifunge. Nimeponya nyingi hivyo. Ila baada ya hapo lazima uipime, usiseme imewaka basi imepona.

Kuhusu kununua iliyotumika. DDR3 na DDR4 zilizotumika siyo tatizo, RAM haichoki kwa kutumika kama diski. Tatizo ni aliyeigusa kabla yako. Nimeona stika ya kampuni kubwa imebandikwa juu ya kijiti kisichojulikana. Nimeona chipu zimefutwa maandishi na kuandikwa upya. Nimeona SPD, ile kumbukumbu ndogo inayojitambulisha, imeandikwa jina lisilo lake, kwa hiyo hata CPU-Z inakuambia uongo kwa imani kabisa. Ukiweza, linganisha stika, maandishi kwenye chipu na kinachosomwa na programu. Vitatu vikikubaliana, vizuri. Chipu zenye nembo tofauti kwenye kijiti kimoja, rudisha.

Kuna DDR3 zinauzwa rahisi zimeandikwa kwamba ni za AMD pekee. Hizo zina chipu za mpangilio ambao kompyuta nyingi za Intel hazizisomi. Kwenye AMD ya zamani zinawaka. Mimi siweki kwa mteja.

Halafu lile la msingi ambalo hamkulisema: DDR3 ina miguu 240, DDR4 na DDR5 zote zina 288 lakini pengo liko sehemu tofauti. Ikigoma kuingia, usiisukume. Nimeshapokea mazabodi ya mtu aliyeona aongeze nguvu.

#15 mgeni_wa_waya

Nimejifunza zaidi ya nilivyotarajia, asanteni. Sasa hiyo kupima inafanywaje? Windows nimeona ina kipimio chake, nimeendesha kikasema hakuna tatizo. Inatosha?

#16 Mkesha

Haitoshi, mgeni. Kile cha Windows ni cha kuanzia tu. Mimi kile kilinipa cheti safi kwa RAM ile ile iliyokuja kuanguka dakika ishirini za Memtest86+. Kikikuambia kuna kosa mwamini. Kikikuambia hakuna, usimwamini.

Ninavyofanya sasa ni hivi. RAM mpya ikifika, kabla ya kuweka mfumo wala faili lolote, nazima XMP au EXPO, natengeneza flashi ya Memtest86+. Toleo la 6 na kuendelea linawaka kwenye mashine za UEFI, yaani zenye BIOS ya kisasa. Kuna nyingine inaitwa MemTest86 bila ile alama ya kujumlisha, ya PassMark, nayo ni nzuri, ya bure inaishia mizunguko minne. Zina asili moja ila ni vitu viwili tofauti, msizichanganye.

Naiacha usiku kucha. Sio mzunguko mmoja. Kapasita dhaifu inaweza kupita mzunguko wa kwanza ikiwa baridi na kuanguka wa tatu ikishapata moto, maana joto linaongeza kuvuja. Kosa linalokubalika ni sifuri. Msije mkasema "ni moja tu kati ya mabilioni". Yangu ilikuwa moja.

Ikikosea wakati XMP imezimwa, hiyo ni ya kurudisha. Lakini kwanza jua ni ipi: toa zote, pima kijiti kimoja kimoja kwenye sloti ile ile. Kisha kile kibovu kihamishie sloti nyingine upime tena. Kosa likifuata kijiti, ni RAM. Likibaki kwenye sloti, shuku mazabodi au miguu ya prosesa. Nilikuwa karibu kurudisha kijiti kizima na kubaki na kibovu kwa sababu ya kutaka kumaliza haraka.

Ikipita usiku wa kwanza, nawasha XMP na kurudia usiku wa pili. Ikikosea hapo tu, RAM si mbovu, spidi ndiyo imezidi kwa mashine yako. Shuka hatua moja, pima tena. Halafu siku ya tatu naitesa ndani ya Windows kwa TestMem5 au OCCT huku kadi ya picha nayo inafanya kazi, kwa sababu Memtest inapima wakati kompyuta yote imetulia na hewa ya baridi, maisha hayako hivyo. DDR5 zina kipima joto ndani, HWiNFO inakisoma, kiangalie.

Yote haya yafanye ndani ya siku za kurudishia. Ndiyo sababu hasa ya haraka. Waranti ya maisha ni nzuri, ila kurudisha ndani ya wiki ni rahisi kuliko kuituma kiwandani na kukaa bila kompyuta.

Na kuhusu nilichochagua, nilisema nitaeleza. Nilianza na tovuti ya mtengeneza mazabodi, kwenye orodha ya RAM alizozijaribu, ile wanayoiita QVL. Nikatafuta namba kamili ya modeli, mpaka herufi ya mwisho, kwa sababu herufi moja ikibadilika ni kitu kingine. Nikachukua jozi moja iliyofungwa pamoja, vijiti viwili, spidi ile ile ya rasmi ya prosesa yangu. Haina taa. Ni fupi, kwa hiyo haigongani na feni ya prosesa. Ukiiangalia haina mvuto hata kidogo, kama rula ya shule. Usiku wa tatu sasa naipima, na bado namwamini nusu.

ECC ya Babu niliitamani, mazabodi yangu haikubali. Kompyuta ijayo.

#17 Chumvinyingi

Kuna mtu kaniambia Linux unaweza kuiambia iruke anwani mbovu na ukaendelea kutumia RAM hiyo hiyo. Kweli?

#18 Seva_ya_Babu

Kweli, kwa amri ya memmap kwenye GRUB, kile kinachoiwasha Linux. Nimefanya kwenye mashine ya kuchezea. Lakini kijiti kilichoanza kuoza sehemu moja, kesho kinaoza pengine. Usiweke humo kitu utakachokililia.

#19 Turbo

Wakuu, nimerudi. Jana usiku niliona nimalize ubishi, nikawasha Memtest86+ kwenye hii 4000 yangu, XMP ikiwa juu, nikalala.

Asubuhi nimekuta mistari minne. Mizunguko miwili ya kwanza safi, ya tatu ndiyo imeanguka. Nimezima XMP, imekaa tangu asubuhi mpaka sasa hivi bila kosa. Nimeiweka 3600, usiku huu inapimwa tena.

Skrini ya bluu kweli sijawahi kuiona. Mkesha, usiseme neno.

#20 Mkesha

Sijasema.

Ila lile diski jipya ulilotuonyesha mwezi uliopita, ulilohamishia kila kitu. Umeshafungua faili moja moja ukaangalia?